Muulize Mjomba: 9mm, 40 au 45, ninunue ipi?

Mwezi huu barua za bastola zimejaa, na karibu zote zimetoka Marekani. Sishangai. Mimi mwenyewe mwaka wa kumi na moja huu nasimamia usalama kwenye renji moja ya shabaha nje kidogo ya Fort Worth, Texas, na hakuna wikendi inapita sijamuona Mkenya au Mtanzania au Mkongo kaingia na boksi jipya mkononi, kanunua juzi, hata magazini, kile kibebeo cha risasi, haijui inachomolewa wapi. Basi leo tunajibu hizo hizo, za mapishi na za mahusiano subirini mwezi ujao.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku Dallas. Hivi karibuni kwenye parking ya apatimenti zetu watu wawili wameporwa, mmoja kwa kuoneshwa bastola kabisa. Nimeamua kununua yangu, ya kutembea nayo na ya nyumbani. Shemeji yangu alikuwa jeshi la huku, anasema 9mm inatoboa tu mtu anaendelea kuja, nichukue 45 ndo inaangusha. Muuzaji kasema 40 ndo katikati. Mume wangu anasema hata 22 inatosha, risasi ni risasi. Nina mikono midogo, mtoto wa miaka 4 na dola 600. Kichwa kinaniuma. — Muuguzi wa usiku

Marahaba mwanangu, na pole na parking. Jibu fupi: 9mm. Sasa kaa nikwambie kwa nini, manake shemeji atakubishia Jumapili na lazima uwe na la kusema.

Kwanza hizo namba. Kaliba ni upana wa risasi tu, basi, ila 40 na 45 zinahesabiwa kwa sehemu za mia za inchi. 9mm ni milimita 9, 40 ni milimita 10 na ushee, 45 ni kama 11 na nusu. Yani kutoka ya chini mpaka ya juu tofauti haizidi milimita 2 na nusu, na hiyo ndo watu wanagombania kwenye nyama choma miaka na miaka. Kinachobadilika sana ni uzito: risasi ya 9mm ya kawaida ina gramu 7 na nusu au 8, ile ya 45 inafika karibu 15. Ndo maana 45 inakupiga teke mkononi la kusukuma na magazini yake inabeba chache. Ile bastola ya zamani ya jeshi aliyoisifia shemeji, 1911, inabeba 7, Glock 19 ya 9mm inabeba 15.

Na shemeji hajatunga, hiyo hadithi ina mizizi. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami maajenti 8 wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki, maajenti wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Jambazi mmoja alipigwa risasi ya 9mm mapema kabisa, ikapita kwenye mkono ikaingia kifuani ikasimama kama inchi moja kabla ya moyo, na yule bwana akaendelea kupiga watu. FBI wakailaumu risasi. Wakahamia 10mm, upana ule wa 40 ila ganda refu, ikawa kali mno kwa askari wengi, wakapunguza baruti ndani yake, halafu Smith & Wesson na Winchester, viwanda vya silaha na risasi, wakaona kama baruti imepungua basi ganda refu la nini, wakalifupisha, ndo ikazaliwa 40 mwaka 1990. Polisi nchi nzima wakaikimbilia. Kwa hiyo muuzaji wako anakuuzia jibu la mwaka 1990.

Ila lililotokea baadaye watu hawalisimulii. Baada ya Miami FBI waliweka kipimo, risasi lazima iingie kwenye jeli maalum inayoiga nyama ya mwili kati ya inchi 12 na 18, hata ikipitia nguo nzito au mbao kwanza. Viwanda vikakaa vikasuka risasi upya, zile za kichwa chenye tundu ambazo zikiingia zinafunguka kama ua, na baada ya miaka kama 25 ya 9mm nayo ikawa inafaulu vizuri tu. FBI wenyewe wakarudi 9mm, kwa sababu waliona askari wao wengi wanapiga kwa haraka zaidi na shabaha nzuri zaidi wakiwa nayo, na kwenye mwili matokeo hayatofautiani kwa maana. Mwaka 2016 wakasaini na Glock, za 9mm. Mwambie shemeji hivo, na mwambie jeshi lake lenyewe liliacha 45 kuwa bastola ya kawaida tangu 1985.

Wala hakuna bastola inayomrusha mtu nyuma kama kwenye sinema. Ingekuwa na nguvu hiyo na wewe uliyeishika ungekaa chini. Mtu anasimama risasi ikimpata mahali pa maana, au akiogopa akakimbia, na mahali pa maana unapafikia kwa mazoezi. Hapo ndo hela inaingia. Hapa kwetu boksi la risasi 50 za mazoezi za 9mm ni dola 14 au 15, za 45 zinapita 20 vizuri tu. Na dola 600 zako usizimalize kwenye chuma. Chukua bastola ya 400 na kitu, inayobaki iende kwenye risasi, holsta nzuri inayofunika kifyatulio chote, na kile kisefu kidogo cha kufungua kwa vidole. Mtoto wa miaka 4 anafika kila mahali, droo ya soksi sio sehemu ya kuficha, na Texas ukiiacha ovyo na risasi ndani, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia, ni kosa la jinai.

Mumeo na 22 yake asikasirike. Ni risasi nzuri ya kujifunzia, haina teke, bei rahisi. Lakini inawashwa kwa kugongwa ukingoni badala ya katikati, na zinazogoma kulipuka ni nyingi kuliko hizi nyingine. Kwenye renji ikigoma tunacheka. Usiku kwenye parking hakuna wa kucheka.

Kitu kimoja hukuuliza lakini lazima niseme. Texas toka tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea asiye na kizuizi cha sheria anatembea na bastola bila leseni, sawa, ila hospitali ni kati ya sehemu zilizokatazwa mpaka uwe na ruhusa ya maandishi. Na wewe kazi yako ndo hospitali. Maana yake masaa 12 bastola italala kwenye gari, kwenye parking hizo hizo zinazovunjwa. Kwa hiyo nunua pia boksi la chuma lenye waya wa kufungia chini ya siti, la sivyo utakuwa umemnunulia mwizi. Nimeshaona mtu analia kwa hilo.

Mikono midogo: nenda renji inayokodisha, shika tatu nne tofauti, piga risasi 50 kwa kila moja. Kama kidole hakifiki vizuri kwenye kifyatulio bila kugeuza kiganja, weka chini, hata kama inauzwa kama njugu.

Mjomba, mamangu ana miaka 63, anakaa peke yake Minnesota, makaratasi yake yako sawa. Vidole vina baridi yabisi, hawezi kuvuta ile sehemu ya juu ya bastola ya kuingiza risasi. Dukani wamenipa karivolva kadogo ka 38, bastola ya silinda inayozunguka, wakasema hako ndo ka kina mama, hakana cha kuvuta. Nichukue? — Kitinda mimba

Usichukue kabla mama mwenyewe hajakapiga. Hii ya "rivolva ndogo ya kina mama" inaniudhi, jamani. Ni kweli haina cha kuvuta nyuma, lakini kifyatulio chake kinataka kubanwa kwa nguvu ya kama kilo 5 kila risasi, kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe ndo hicho kinachouma. Tena hako kabastola ni kepesi, mara nyingi hakafiki hata nusu kilo, na bastola ikiwa nyepesi teke lote linabaki kwenye mkono wako. Watu wanadhani ndogo ni laini kumbe ni kinyume. Vile vibastola vya mfukoni vya 380 vyenye gramu 270 hivi vinauma kuliko 9mm kubwa, muulize yeyote aliyejaribu.

Kwa mama tafuta 380 lakini kwenye bastola kubwa kidogo. 380 ina upana ule ule wa 9mm, ganda ndo fupi na baruti ndo kidogo, kwa hiyo kiwanda kinaweza kuweka springi laini. Smith & Wesson wana moja inaitwa Shield EZ, ilitoka 2018, waliitengeneza makusudi kwa watu wa mikono dhaifu, inavutika kirahisi mno, hata magazini yake ina kitufe cha kushusha springi ukipakia. Ni dhaifu kuliko 9mm, ndio, silifichi. Lakini 380 ambayo mama anaweza kuipakia na kuipiga mwenyewe inashinda 45 iliyo kabatini inamsubiri wewe uje Krismasi. Na mnunulie taa ya mlangoni yenye sensa na kufuli zito kabla ya yote, dola 80 hazifiki, na itamfaa kila usiku.

Mjomba, niko Columbus, Ohio, nyumba zetu zimeshikana, chumba cha mwanangu kiko upande wa pili wa ukuta. Nimeambiwa nitumie risasi zenye tundu hazipiti ukuta. Mke wangu anasema hizo ni dumdum, zimekatazwa duniani. Nani mkweli? — Baba wa ghorofani

Wote mmeshika mkia wa ng'ombe mmoja. Dumdum ni jina la mji karibu na Calcutta, Waingereza walikuwa na kiwanda cha risasi hapo, na mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 ulikataza risasi za kupanuka mwilini, lakini vitani kati ya mataifa. Polisi na raia wa Marekani wanazitumia kihalali sehemu nyingi sana, Ohio ikiwemo. New Jersey wana masharti yao ya kutembea nazo, ukihamia huko soma kwanza.

Sasa kuhusu ukuta, aliyekwambia hazipiti kakudanganya. Kuta zenu za ndani ni jipsamu, bodi mbili nyembamba na hewa katikati, sio tofali za kwetu. 9mm, 40, 45, zote zinapita ukuta wa hivo na wa pili yake na mara nyingi wa tatu. Tena ile yenye tundu ikipita kwenye jipsamu unga unaweza kuziba tundu isifunguke kabisa, ikaendelea kama risasi ya kawaida. Faida yake ni ikimpata mwizi inatulia humo humo badala ya kutoka upande wa pili. Ikimkosa, ukuta hausaidii chochote.

Kwa hiyo badilisha swali. Ingia chumbani mwako usiku, simama pale utakaposimama, angalia mlango, halafu chora mstari kichwani unapita wapi. Ukigusa kitanda cha mtoto, hama upande au kihamishe kitanda. Renji kwetu kuna baba mmoja alifanya hivo akakuta mstari wake wote unaishia kwa mwanawe, akahamisha kabati na kitanda Jumamosi hiyo hiyo. Mpango wenyewe uwe ni kukusanya watoto chumba kimoja, kufunga mlango, kupiga simu 911 na kukaa hapo, sio kwenda sebuleni kuwinda mtu gizani ambaye anaweza kuwa shemeji kaja kwa ndege ya usiku. Na weka taa karibu na sefu, manake bastola bila kuona ni balaa. Masikio nayo, mlio mmoja ndani ya chumba unapita desibeli 150, mtoto aliye karibu anaweza kuondoka na ulemavu wa kusikia bila risasi kumgusa.

Mambo Mjomba, mi ni mwanafunzi, viza F-1. Kati ya 9mm na 40 ipi inafaa kwa mwanzo? — Msomi

Hakuna. Sheria ya shirikisho inakataza mtu mwenye viza ya muda kama yako kumiliki bastola au hata risasi moja, isipokuwa vipengele vichache kama mwenye leseni ya kuwinda iliyo hai, na hayo ni ya wakili wa uhamiaji sio ya Mjomba. Ni mpaka miaka 15 jela na baada ya hapo ndege ya kurudi nyumbani. Rafiki mwenye green card asikununulie kwa jina lake pia, hilo nalo ni kosa lake peke yake mbali na lako, na fomu ya dukani inamuuliza waziwazi kama anajinunulia mwenyewe. Maliza shule kwanza, mdogo wangu.

Mjomba, Desemba narudi Mombasa. Kaka yangu ana leseni na bastola yake ya Ceska, si inakula 9mm hii hii? Nimbebee boksi mbili? — Wa Houston

Inakula hiyo hiyo, na usimbebee. Yeye anazinunua huko huko kwa cheti chake, kwa idadi aliyoruhusiwa, wewe huna kibali cha kuingiza Kenya hata moja. Na kabla hujapaki begi la safari, kama ndo lile unaloenda nalo renji, ligeuze juu chini ulikung'ute, mpaka mifuko ya pembeni yenye zipu. Mimi langu la renji silipandishi ndege kabisa, nina jingine la safari, manake mwaka juzi nililikung'uta la zamani likadondosha risasi mbili ambazo naapa sikumbuki niliziweka lini.