Vijiji vya kale vya bonde la Dordogne, ukiwa na mzee na mtoto

Kaka, umeuliza mambo matatu: kama siku tano zinatosha kuona vijiji vya zamani vya Ufaransa mkishamaliza Paris, kama mnaweza kwenda bila gari, na kama mama yako wa miaka 68, mwenye magoti yanayomsumbua, atayaweza mawe na vilima vya huko. Naishi Toulouse mwaka wa sita sasa. Kila ndugu anayekuja kutoka Tanga nampeleka bonde la Dordogne, kusini magharibi mwa Ufaransa, na safari mojawapo nilikuwa na mama yangu mzazi, ambaye naye ngazi ni adui yake. Kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Nianze na orodha yako. Umeandika Mont-Saint-Michel, Alsace, Provence na Dordogne, zote ndani ya siku tano. Nakuomba uifute. Sehemu hizo ziko pembe nne za nchi. Mtakachokiona ni barabara kuu na vituo vya mafuta, na mama atarudi nyumbani na miguu iliyovimba. Chagueni bonde moja, mpange nyumba moja, mkae hapo hapo. Mimi nachagua Dordogne kwa sababu vijiji vyake vinne vikubwa, La Roque-Gageac, Beynac, Castelnaud na Domme, vimekaa kandokando ya mto mmoja na kutoka kimoja kwenda kingine ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Ukiwa ukingo huu unaiona ngome ya ukingo ule.

Treni ipo. Unapanda Paris kwenye stesheni ya Austerlitz, unashuka Brive au Souillac, safari ya masaa manne na zaidi. Lakini ukishashuka, bila gari umekwama. Mabasi ya vijijini ni machache na yanafuata ratiba za wanafunzi, si za wageni. Kodi gari Brive, na ulibuku mapema kama unataka la automatiki, maana mengi ni ya gia za mkono na hayo machache huisha. Beba leseni ya kimataifa pamoja na leseni yako ya nyumbani.

Kwenye kuendesha zingatia haya. Kule ni upande wa kulia, na kipilefti kinazungukwa kinyume na ulivyozoea. Waliomo ndani ndio wenye haki. Nje ya vijiji mwendo ni kilomita 80 kwa saa isipokuwa kibao kikisema vingine. Kibao chenye jina la kijiji na ukingo mwekundu, hata kama hakina namba yoyote, maana yake umeingia eneo la 50. Shemeji yangu hakulijua hilo, akaletewa faini mpaka nyumbani. Na ndani ya vijiji, gari linalotokea kulia kwako lina haki ya kupita hata kama linatoka kichochoro cha upana wa mkokoteni, maadamu hakuna alama inayosema vinginevyo. Hili la mwisho ndilo lililonitisha zaidi siku za kwanza.

Sasa saa za kula, ambazo watu wengi hawazichukulii kwa uzito. Mchana ni saa sita mpaka saa nane, basi. Safari yetu ya kwanza tulifika kijiji kimoja saa nane na robo, tumetoka kuzunguka ngome, njaa imetushika. Viti vilikuwa vimejaa nje, watu bado wanakunywa kahawa, tukaambiwa jiko limefungwa. Tukaenda mgahawa wa pili, jibu lile lile. Duka la mikate nalo limefungwa mpaka saa kumi. Mwanangu alikula biskuti zilizobaki kwenye mkoba wangu mpaka jioni, na jioni yenyewe majiko hayafunguliwi kabla ya saa moja. Tangu siku hiyo naingia mgahawani saa sita na nusu bila kujali njaa, na kwenye gari sikosi mkate, jibini na matunda. Jumatatu maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo vyakula vya Jumatatu nunua Jumapili asubuhi.

Kuhusu vijiji vyenyewe, ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usiku mmoja angalau mlale ndani ya kijiji. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni mabasi ya watalii yanashusha watu, na Beynac yenye njia nyembamba za mawe inakuwa kama stendi. Wakishaondoka, mahali panabadilika kabisa. Unasikia maji ya mto, unasikia mtu anafunga dirisha la mbao juu ya kichwa chako, harufu ya kitunguu kinachokaangwa inatoka kwenye nyumba yenye ukuta wa miaka mia tano. Mwishoni mwa Juni mwanga unakaa karibu mpaka saa nne usiku. Mama yangu, ambaye mchana alikataa kutoka garini, jioni ile alitembea taratibu na fimbo yake mpaka mtoni, akakaa kwenye ukuta mfupi, akasema hapa ndipo alipopaswa kuletwa tangu asubuhi.

La Roque-Gageac ndiyo inayomfaa mama yako kuliko zote, kwa sababu barabara yake ni tambarare, kando ya mto, na nyumba zimeegemea jabali refu nyuma yake. Jabali hilo linatazama kusini na hushika joto la jua, ndiyo maana kuna bustani ambamo inastawi mimea ambayo hungeitarajia Ufaransa. Mama aliona mgomba. Alisimama mbele yake kama aliyekutana na jirani ugenini. Jabali hilo hilo lilimeguka Januari 1957 likaua watu watatu na kuponda nyumba. Ukitazama juu utaona palipobaki kovu. Mashua za mbao ziitwazo gabare, za mfano wa zile zilizobeba mvinyo na mbao zamani, zinawatembeza abiria mtoni kwa kama saa moja, na kupanda kwake si shida kwa mzee. Mtoto wako atapenda zaidi mtumbwi: mnakodi juu ya mto, mnateremka na maji mkipita chini ya ngome, gari la kampuni linawarudisha.

Beynac na Castelnaud zitazameni kama watu wawili wasioelewana. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, Beynac ilikuwa upande wa mfalme wa Ufaransa na Castelnaud kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa Waingereza, mpaka Wafaransa walipoitwaa 1442. Mto katikati ndio ulikuwa mpaka. Ngome ya Castelnaud sasa ni makumbusho ya silaha za zama hizo, na uwanjani kuna mitambo mikubwa ya mbao ya kurushia mawe. Kama mna nguvu ya ngome moja tu, nendeni hiyo, kwa ajili ya mtoto. Mama abaki mkahawani chini, mteremko wake ni mkali.

Domme iko juu kabisa ya kilima. Mfalme Philippe wa Tatu aliuanzisha mwaka 1281 kama mji wa kupangwa, mitaa imenyooka. Mwaka 1588, kwenye vita vya dini, Waprotestanti wachache waliupanda usiku kupitia ukuta wa mwamba ambao walinzi hawakuulinda, kwa kudhani hakuna binadamu wa kuupanda. Simameni pale kwenye kingo, bonde lote liko chini yenu, mashamba yamegawanywa kama kitambaa cha viraka. Hapo gari linafika, na mama ataona kila kitu akiwa amekaa.

Mahali ambapo naomba msipaache ni kasri la Les Milandes, jirani tu na Castelnaud. Hapa ndipo alipoishi Josephine Baker. Alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1906, katika umaskini na ubaguzi, akaja Paris akiwa kijana akawa nyota wa nyimbo na dansi. Alilipanga kasri hili 1937, akalinunua 1947. Wakati wa vita kuu ya pili alifanya kazi ya upelelezi dhidi ya Wanazi, na medali zake zimewekwa ndani pamoja na magauni yake ya jukwaani. Kisha akalea watoto kumi na wawili wa kuasili, kutoka Japani, Korea, Finland, Kolombia, Algeria, Ivory Coast na kwingineko, akitaka dunia ione kwamba watoto wa rangi na dini tofauti wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Deni likamzidi. Mwaka 1969 alitolewa kwa nguvu, na kuna picha yake amekaa kwenye ngazi za jikoni, amevaa kofia ya kulalia, blanketi miguuni. Nilisimama kwenye ngazi zile zile. Sikuweza kuongea kwa muda. Novemba 2021 Ufaransa ikamwingiza Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa taifa, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Nilipomsimulia mama hadithi hiyo kwa Kiswahili, mbele ya picha ile, aliuliza tu, "Na watoto walikwenda wapi?" Nikamweleza kwamba aliondoka nao, na kwamba rafiki yake Grace Kelly, mke wa mtawala wa Monaco, aliwasaidia kupata nyumba. Akatikisa kichwa, tukaendelea.

Mapango. Lascaux ya asili, pango lenye picha zilizochorwa na watu wa kale ukutani, iligunduliwa na vijana Septemba 1940, ikafunguliwa kwa watu 1948, ikafungwa 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaziharibu picha. Mnachoingia leo pale Montignac ni nakala kamili iliyofunguliwa Desemba 2016. Wapo wanaodharau nakala. Mimi sikubaliani nao: imefanywa kwa uangalifu mkubwa, na hata kiti cha magurudumu kinapita. Ila kama mnataka rangi ile ile iliyopakwa na mkono wa mtu wa kale, nendeni Pech Merle, karibu na Cabrerets. Kuna farasi wenye madoadoa na alama za viganja vya mikono, na ni pango lenyewe, si nakala. Wanaruhusu watu 700 tu kwa siku, kwa hiyo bukuni kabla. Kuna ngazi na baridi. Mama abaki, au mwende wawili.

Rocamadour iko mbali kidogo na bonde, saa moja hivi kwa gari. Ni kijiji cha hija kilichobandikwa kwenye genge, makanisa juu ya nyumba, ngome juu ya makanisa. Mahujaji walipanda ngazi 216 kwa magoti kwenda kwa sanamu ya Bikira Maria Mweusi. Mama yako hatahitaji: kuna lifti za kulipia zinazopita ndani ya mwamba. Kabla ya kushuka simameni L'Hospitalet, kitongoji kilicho juu mkabala na kijiji, asubuhi, jua likiwa limepiga genge lote. Huo ndio mwonekano wenyewe. Mtaa wa chini umejaa maduka ya zawadi, sikai sana.

Umesema mnakula halali. Huko ni nchi ya bata na nguruwe, na nyama halali msitegemee kuipata kijijini. Sisi tunabeba nyama kutoka Toulouse kwenye kibaridi na kupika nyumbani. Migahawani tunaagiza samaki wa mtoni, kimanda cha uyoga, na jibini ya mbuzi ya Rocamadour, vijibini vidogo vya duara vinavyowekwa juu ya mkate na saladi. Ulizeni kabla, maana mafuta ya bata hutiwa hata kwenye viazi. Kwenye gulio la mji wa Sarlat, Jumatano na Jumamosi asubuhi, mtapata mboga, asali, mikate ya jozi. Jumamosi fikeni kabla ya saa tatu, baada ya hapo maegesho ni kazi.

Na salamu. Kila mlango mnaoingia, uwe wa duka la mikate au ofisi ya utalii, semeni "bonjour" kabla ya neno lolote lingine. Hiyo ndiyo hodi yao. Anayeanza na swali bila salamu anaonekana hana adabu, na atajibiwa hivyo. Watu watawatazama, hasa vijiji vidogo. Mimi nimetazamwa sana. Nikishasalimu, mara nyingi macho yale yanageuka mazungumzo. Bibi mmoja muuza jozi alimwekea mama kiti chake mwenyewe, wakakaa wakicheka bila lugha ya pamoja.

Msiende Agosti. Nilikwenda mara moja, foleni ya magari La Roque-Gageac ilikuwa haisogei, na nyumba nyingi za kupanga zinatolewa kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi. Mwisho wa Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba ndiyo chaguo langu: baridi ya sweta tu, migahawa bado iko wazi, na chini ya miti wanaokota jozi. Kuanzia Novemba sehemu nyingi zinafunga.

Ukishapata tarehe za viza ziweke hapa hapa, nikuambie siku zipi za gulio zitawaangukia na upande gani wa mto mpange nyumba.