Drams za Zamani za Kijapani: Chungulia Ndani Kabla ya Kutoa Hela

Drams ninazopiga leo nilizinunua Moshi, Pasua, kwa mzee mmoja ambaye ujanani alipigia bendi ya hoteli. Zilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Kiki, ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, ilikuwa imelazwa kifudifudi na juu yake pamewekwa ndoo ya maji. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akafunua turubai: "Angalia mwenyewe, mwanangu. Mimi macho yameshachoka." Nikatoa simu, nikawasha tochi, nikaanza kuchungulia ndani ya tomu (zile dramu zinazokaa juu na pembeni ya kiki) moja baada ya nyingine. Nje kulikuwa na kutu na vumbi la miaka. Ndani mbao ilikuwa safi kama ya jana.

Hapo ndipo nilipoamua kununua, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Vijana wengi wa kwaya na wa bendi za harusi hapa Arusha wananiuliza kama wachukue seti mpya ya bei nafuu inayong'aa, au ya zamani iliyochakaa. Jibu langu halijabadilika: ukipata ya Kijapani ya miaka ya sitini au sabini, yenye bodi (lile duara la mbao) nzima na vyuma kamili, chukua hiyo. Mng'ao utaurudisha mwenyewe nyumbani. Bodi iliyopinda huwezi kuirudisha.

Kwanza ujue unashika nini. Kampuni ya Pearl ilianzishwa Tokyo mwaka 1946, ikaanza na stendi za kuwekea karatasi za muziki kabla ya kuingia kwenye drams mwaka 1950. Miaka ya sitini ilitengeneza seti nyingi zilizouzwa Marekani kwa majina ya watu wengine, kwa hiyo usishangae kukuta beji ya jina usilolijua huku kila kitu kingine ni cha Pearl. Yamaha iliingia kwenye drams mwaka 1967. Tama ni ya kampuni ya Hoshino ya Nagoya, na jina hilo lilianza mwaka 1974. Kabla ya hapo drams zao ziliitwa Star. Kwa hiyo beji peke yake inaweza kukuambia umri. Ila angalia pia neno "Japan" kwenye beji au kwenye vyuma, maana baadaye kazi nyingi zilihamishiwa nchi nyingine, kama Taiwan. Drams za Taiwan si mbaya, lakini usizilipie bei ya kitu kingine.

Bodi za bei ya kati za enzi hizo nyingi ni plaiwudi ya lauan, mbao laini ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, yenye pete ya kuimarisha ndani, juu na chini. Wapo wanaoidharau kwa sababu haikuwa mbao ya gharama. Mimi naipenda. Sauti yake ni nzito na ya joto, haichomi sikio, na katika kanisa lenye bati juu na sakafu ya saruji hilo ni jambo kubwa. Seti kali zenye mbao ngumu humlazimisha mpigaji kujizuia ibada nzima.

Ukichungulia, tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni bungua: vitobo vidogo kama vya sindano, na unga mwembamba unaodondoka ukigonga kwa kidole. Ukiuona unga mbichi, aga kwa heshima uondoke. Cha pili ni tabaka za plaiwudi zilizoachana. Pitisha ukucha kwenye ukingo. Zikiwa zimeachana kidogo, gundi ya mbao na vibano vinatosha, lakini zikiwa zimevimba kwa maji, ni hasara. Cha tatu ni duara. Pima kwa futi ya fundi cherehani upana wa bodi kutoka upande hadi upande, kisha pima tena ukikata msalaba. Tofauti ya milimita mbili au tatu inavumilika. Ikifika sentimita, ngozi (ule utando unaopigwa) haitakaa sawa.

Baada ya mbao, vyuma, na hapa nawaomba muwe wagumu. Hesabu kila bolti, kila lagi (yale makasha ya kromu yaliyofungwa ubavuni), miguu ya kiki, mikono ya kubebea tomu. Mkono wa Pearl ni bomba nene linaloingia ndani ya bodi. Wa Yamaha au Tama hauwezi kukaa pale bila kutoboa tundu jipya, na tundu jipya ni jeraha la kudumu. Seti isiyo na mikono yake ishushwe bei sana, au uiache.

Bolti nilizijua kwa uchungu. Kwenye sneya yangu, ile dramu ndogo yenye sauti kali, zilipungua mbili. Fundi mmoja wa pikipiki akanipa za milimita 6, akasema zinaingia. Za Pearl ni za inchi 7/32, yaani karibu milimita 5.5. Kwa macho huoni tofauti. Tulikaza moja kwa spana, ikaingia mizunguko miwili, ya tatu ikakwama, na tulipoichomoa ilitoka na uzi wa ndani ya lagi kama nyuzi za shaba. Lagi hiyo ilinigharimu miezi minne ya kutafuta. Tangu siku ile, bolti isiyozunguka kwa vidole viwili siiongezei nguvu.

Tena, tegemea kukuta matengenezo ya watu waliokutangulia. Vyombo vingi vya bendi nchini vilikuwa mali ya mashirika: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, na Polisi na JKT nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alipiga, chombo kilibaki cha mwajiri. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya themanini fedha za kigeni zikaadimika, kupata kipuri cha drams ikawa ndoto, na mafundi wetu wakafanya walichoweza. Kwenye seti yangu ringi moja, kile chuma cha duara kinachoibana ngozi, ilikuwa imechomelewa vizuri kiasi kwamba sikuigusa. Mtu aliyefanya kazi ile aliipenda kazi yake.

Ukishaileta nyumbani, usifungue zote siku moja. Fungua moja, ipige picha kila upande, weka bolti zake kwenye mfuko wake, andika. Bolti zilale usiku kucha kwenye mafuta ya taa, asubuhi zisuguliwe kwa mswaki wa zamani na kupakwa grisi kidogo. Kwa kutu iliyo juu ya kromu, chukua karatasi ya foili ya jikoni, ikunje, ichovye kwenye siki, sugua taratibu. Foili ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kukwaruza. Msasa usiusogeze hapo kabisa. Pale ambapo kromu imeshabanduka haitarudi. Futa, kausha, paka mafuta mepesi, endelea na maisha.

Ndani ya lagi kuna springi. Zikilegea zinavuma kila unapopiga, na mtu anaweza kuhangaika wiki nzima akidhani ni ngozi. Zizungushie pamba kidogo au kipande cha kitambaa kizito. Ukikuta sponji ya zamani imekuwa nata kama ulimbo, ikwangue yote.

Sasa ukingo wa bodi, pale ngozi inapokalia. Sauti yote inatoka hapo. Nilikwenda kwa mafundi wa vioo na madirisha, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, nikanunua kipande cha kioo kinene, mraba, kikubwa kuliko tomu kubwa. Ukiweka bodi juu ya kioo gizani na kuwasha tochi ndani, mwanga unaochungulia chini unakuonyesha penye bonde. Tomu yangu ya inchi 13 ilionyesha mwanga sehemu moja tu, upana wa viganja viwili, wembamba wa karatasi. Nikabandika msasa namba 150 juu ya kioo, nikaweka alama za penseli ukingo mzima, nikazungusha bodi polepole bila kukandamiza, nikiigeuza robo kila baada ya mizunguko kumi. Penseli ilipofutika kote sawasawa nikamaliza na namba 220. Vaa barakoa, vumbi lake ni baya.

Tomu ya inchi 12 nilikuwa tayari nimeshampelekea seremala. Alinihurumia kwa uvivu wangu, akapitisha randa, akaufanya ukingo butu na mviringo. Ilirudi inapendeza ukiishika, lakini sauti ilikuwa imekufa. Inagonga tu, haiimbi. Ilibidi nitafute mtu mwenye mashine ya kukata ukingo kwa nyuzi 45 na nikapoteza milimita kadhaa za bodi. Kama huna uhakika na fundi, acha ukingo ulivyo. Wa kiwandani uliochakaa kidogo ni bora kuliko mpya uliokosewa.

Usipake rangi. Ile plastiki yenye mng'ao wa lulu iliyovishwa nje inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha dawa ya meno kwenye kitambaa laini inaondoa ukungu. Ikiwa imebanduka kwenye maungio, gundi ya viatu ndiyo dawa. Na usianike juani! Jua la Moshi la Februari linaikunja ile plastiki kama jani la mgomba.

Ngozi agiza mpya, juu na chini, na upime upana wa bodi yenyewe kwa inchi, usipime ringi. Mimi niliagiza Nairobi kwa watu wa shatoo, yale mabasi madogo ya kwenda na kurudi. Bodi za zamani zilizovishwa plastiki wakati mwingine huibana ngozi mpya. Ikikataa kuzunguka kwa mkono, plastiki ipunguzwe kidogo karibu na ukingo, ngozi isilazimishwe. Ngozi ya chini ya sneya ni nyembamba mno, usiiguse kwa kijiti. Kaza kwa kuvuka, bolti hii kisha ya mkabala wake, nusu mzunguko kila mara. Iache ilale, kesho kaza tena.

Nilipomaliza nilirekodi dakika mbili kwa simu nikamtumia yule mzee. Alipiga saa hiyohiyo. "Kiki nzuri," alisema. "Sneya umeibana chini. Legeza robo." Nikalegeza robo, na kweli, ndipo ilipoanza kuongea.