Mume ananiuliza naandikiana na nani usiku

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kata mkoani Singida, nina mume na watoto wawili. Nafundisha Kidato cha Tatu na cha Nne, vipindi 26 kwa wiki, mikondo mitatu, na hakuna mkondo wenye wanafunzi chini ya 55. Miaka mitatu sasa naandika riwaya kwenye simu, usiku, watoto wakishalala. Mwaka jana simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji nikapoteza kurasa kama 40. Nililia kama nimefiwa. Sasa mume wangu ananiona nabofya simu hadi saa sita usiku, akipita naigeuzia ukutani, na juzi akaniuliza waziwazi naandikiana na nani. Nilishindwa kumwonyesha, maana kwenye riwaya kuna mama mkwe ambaye ni mama yake mtupu. Shuleni nako makamu mkuu alinikuta naandika huku nasimamia mtihani wa mock, na tangu siku hiyo ofisini naitwa Shakespeare. Tena naogopa wazazi watasema mwalimu gani huyu anaandika mapenzi. Nikisahihisha nawaza riwaya, nikiandika nawaza madaftari. Niache ualimu, au niache riwaya? Nimekuambatishia kurasa za mwanzo.
Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na kurasa zako mara tatu, kwa hiyo leo ukiniona nina maneno mengi, umeyataka mwenyewe.

Tuanze na baba watoto, maana hilo haliwezi kungoja. Mke anageuzia simu ukutani saa sita usiku, mume afikiri nini? Hata mimi ningefikiri hivyohivyo. Sasa usimwambie "naandika riwaya" kwa mdomo mtupu, atadhani ni uongo mpya. Leo watoto wakilala kaa naye, fungua simu, msomee ukurasa mmoja kwa sauti. Chagua ule wa kondakta na mbuzi. Mimi nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza kuna nini. Ule wa mama mkwe uache kwanza.

Na huyo mama mkwe umemwandika kivivu, samahani. Kikohozi chake, kanga zake, tabia ya kuonja mboga jikoni bila kukaribishwa: umemnyanyua mtu mzima sebuleni kwako ukamtua kwenye riwaya. Kikohozi mpe dereva. Kuonja mboga mpe mwalimu wa nidhamu. Yeye mpe kitu ambacho mama mkwe wako hana, tuseme duka la vipuri, au deni ambalo hakuna anayelijua. Ataanza kufanya mambo usiyomtuma, na mumeo atamsoma bila kumtambua mama yake.

Kuhusu makamu mkuu nipo upande wake. Mtihani wa mock unasimamiwa kwa macho, na watoto wale wanakutegemea usimame, si uiname kwenye simu. Mwendee, mwambie ulikosea, yaishe. Jina la Shakespeare litadumu mpaka atakapopatikana mwingine wa kutaniwa. Mimi nilishika chaki miaka 22, nimeitwa mabaya zaidi ya hayo.

Sasa ualimu. Usiache. Fanya hesabu ambayo wengi huifanya wakiwa wamekwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Wachapishaji wengi humpa mwandishi karibu asilimia 10 ya bei. Kitabu kikiuzwa shilingi 10,000, chako ni 1,000. Zikiuzwa nakala 1,000, nazo si rahisi kuuzika kwa riwaya ya mwandishi mpya, umepata milioni moja, na si kwa mwezi, huenda kwa miaka miwili, tena ukikumbushia. Ziweke fedha hizo kando ya hati yako ya mshahara. Riwaya inayodaiwa ada za watoto na kodi ya nyumba huandikwa kwa haraka, na wasomaji hugundua.

Wala hutakuwa mwalimu wa kwanza kuandika riwaya. Euphrase Kezilahabi alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, akaenda kufundisha sekondari, na 1971 ikatoka riwaya yake Rosa Mistika, habari za binti wa Ukerewe anayeharibikiwa akiwa masomoni. Unajua yaliyoifika: ilizuiwa shuleni. Baadaye haohao wa elimu wakairudisha darasani. Kwa hiyo wazazi wa Singida wakisema, waache waseme. Kama hujamwandika mwanafunzi wako yeyote kwa namna atakayotambulika, hujamkosea mtu. Hapo ndipo pa kuwa mkali na nafsi yako. Kisa alichokupa mtoto kwa siri ofisini si mali yako.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nami nimeliona kwenye kurasa. Ukurasa wa kwanza Rehema anashuka kwenye basi, vumbi, kelele za wapiga debe, vizuri kabisa. Mstari wa nne unaandika: "Rehema alikuwa mwanamke jasiri asiyekubali kunyanyaswa." Mwanangu! Hilo ni jibu la mtihani. Ukurasa wa tatu tena, mzee mmoja anasimama kijiweni anahutubia juu ya umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike, na wacheza bao wote wanamsikiliza kimya. Umeona wapi wacheza bao wakanyamaza?

Najua imetoka wapi. Ukifundisha riwaya za darasani, Takadini na Watoto wa Mama N'tilie, mwaka baada ya mwaka, ubaoni umechora mistari miwili, fani huku na maudhui kule, dhamira, ujumbe, nafasi ya mwanamke, mwisho wake kichwa chenyewe kinaanza kuandika mwongozo kabla ya riwaya. Unamwandalia mwanafunzi wa miaka 20 ijayo hoja zake sita. Unadhani umechelewa kumaliza kwa sababu ya madaftari, nami nadhani nusu ya uchovu wako ni huu: ukikaa kuandika, mwalimu anakaa pembeni na kalamu nyekundu. Mwache ofisini. Dawa ninayoijua ni moja: kabla ya kuandika, kumbuka jinsi mtoto aliyechelewa namba anavyojieleza getini. Hana dhamira huyo. Ana baiskeli iliyopata pancha, bibi aliyeanguka, ng'ombe aliyeziba njia, na wewe uliyekusudia kumpa adhabu unajikuta unauliza, "Halafu ikawaje?" Andika hivyo.

Muda sasa. Insha 165 ukizipa dakika tano tano ni karibu saa 14. Hakuna mtu anayetoka hapo na sentensi moja nzuri kichwani, kwa sababu kusahihisha insha na kuandika riwaya vinakunywa kisima kimoja. Mwalimu wa Hisabati angeweza kusahihisha kisha akaandika, wewe huwezi. Kwa hiyo siku ya kuandika, riwaya itangulie, madaftari yafuate. Na insha punguza kwa akili: wiki hii sahihisha aya ya utangulizi tu, wiki ijayo mkondo mmoja kwa kina, na mingine wabadilishane madaftari wao kwa wao wewe ukizunguka. Wanafunzi hawapotezi kitu. Daftari lililojaa wino mwekundu halisomwi, linafungwa.

Usiku uache. Tazama ratiba yako. Katika vipindi 26 lazima kuna siku mbili ambazo una vipindi viwili vya wazi vimefuatana, dakika 80. Usikae ofisi ya walimu, pale utaombwa maoni juu ya kikoba na harusi. Nenda maktaba, nenda maabara kama haina darasa. Ongeza asubuhi mbili za mwisho wa wiki, saa 12 kabla nyumba haijaamka. Sema mara nne kwa wiki, maneno 300 kila mara. Kwa wiki 35 ni maneno 42,000, na zipo riwaya za Kiswahili zinazopendwa ambazo ni fupi kuliko hapo. Andika maneno mapya wakati wa muhula, ambapo akili ina vipande vipande tu vya nafasi. Kusoma mswada mzima na kukata, kungoje likizo ya Juni. Desemba ukiitwa kusahihisha mtihani wa taifa, nenda, posho ile si ya kudharau, lakini basi Juni usikubali semina wala kambi ya mtu.

Oktoba na Novemba usiiguse kabisa. Kidato cha Nne wanaingia kwenye mtihani, una zamu, una kambi ya jioni, una mzazi anayepiga simu saa nne usiku. Ifunge riwaya kama mtu anavyofunga duka kwenda kuzika, usijilaumu.

Kuna jambo la makamu mkuu tena, nilitaka kulisahau. Kabla ya kuomba maabara au maktaba, mwambie mkuu wa shule kwamba unaandika na unaandika saa zipi. Ukiwa wazi, hakuna atakayekuvizia. Huenda akakupa na klabu ya uandishi uisimamie. Hiyo ikataliwe kwa adabu mpaka mswada uishe.

Ukiisha, usikimbilie mchapishaji wa kwanza anayekuomba umlipie gharama. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ipo Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata mswada usiochapishwa. Soma masharti yao ya mwaka husika, usiniamini mimi.

Ukurasa wa kwanza uniletee tena bila ule mstari wa nne. Kijiweni nako wacheza bao wamzomee yule mzee kidogo. Na kila Jumapili jitumie mswada kwa barua pepe, maana ndoo zipo hata mwaka huu.

Shangazi