Dada wa Moshi, Hiyo Sarafu Usiisugue

Juzi dada mmoja wa Moshi kaniandikia. Shangazi yake mtawa karudi kutoka Roma, kamletea sarafu ya senti 50 ya euro, ya Vatikani, yenye sura ya Papa Benedikto wa 16. Anauliza itauzika kwa bei gani, na kama aisugue kwanza maana imefifia. Nilipofika hapo kwenye kusugua nikaweka simu chini.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Kwetu sinia la shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ujione sura. Basi mwaka wangu wa kwanza Roma, nikiosha vyombo mgahawani, bibi aliyenipangisha chumba alinipa senti 50 kutoka kwenye droo yake. Imeandikwa SEDE VACANTE MMV. Mwislamu mimi, nikadhani ni jina la mtakatifu wao. Nikaisugua usiku kucha. Iling'aa, wallahi!

Kumbe maana yake ni kiti kitupu, mwaka 2005. Yohane Paulo wa Pili alifariki tarehe 2 Aprili, Benedikto akachaguliwa tarehe 19. Vatikani, nchi ya hekta 44 tu, ikatoa sarafu za kipindi kile kisicho na Papa. Badala ya sura ya mtu zina ngao ya Kardinali Eduardo Martínez Somalo, aliyeshikilia mambo kwa siku hizo, na juu yake mwavuli. Seti 60,000, basi. Senti yangu ilitoka humo.

Nikavaa shati la Idi, nikaenda kwa wauza sarafu. Mzee mmoja akaitia chini ya lenzi, akacheka, akamwita jirani yake naye aje acheke. "Imeoshwa hii." Akanirudishia, akasema nikanywee kahawa. Senti 50 hainunui hata kahawa. Miaka imepita, kile kicheko bado nakisikia.

Ndugu zangu, sarafu mpya ina ngozi yake, ule mng'ao iliotoka nao kiwandani. Ndimu huila, majivu huacha mikwaruzo ambayo jicho halioni ila lenzi inaiona. Na msidanganywe na jina: madini ya senti 50 huitwa dhahabu ya Nordiki, lakini ni shaba kwa sehemu kubwa, pamoja na alumini, zinki na bati. Dhahabu hamna hata chembe. Sisi tunapenda sana vitu ving'ae, na hilo limetutia hasara nyingi zaidi ya sarafu.

Kwa hiyo: shika ukingoni, usishike uso. Weka kwenye kasha lake. Usisugue. Hata kwa kitambaa laini, usisugue.

Sasa dada, tazama mwaka. Senti 50 za Vatikani tangu 2010 ziliingizwa kwenye matumizi ya kawaida, watalii hurudishiwa kama chenji, kwa hiyo usipige hesabu ya kiwanja. Ikiwa ni ya 2006 hadi 2009, hizo zilikuwa za seti za wakusanyaji, na hapo tuna la kuzungumza. Nipigie picha pande zote mbili, mwangaza utokee ubavuni. Na kama umeshaisugua, niambie tu. Sitacheka.