Betri kuhamia kwenye buti: maswali yenu ya wiki hii

Fundi shikamoo. Nina Altezza, nataka betri iende kwenye buti nipate nafasi mbele. Inawezekana au ni kujitafutia matatizo? (Dodoma)

Marahaba mdogo wangu. Inawezekana na wala sio kitu kigeni, Prius nyingi zinatoka kiwandani betri ya volti 12 ikiwa nyuma, BMW E46 nayo betri iko kwenye buti upande wa kulia. Ila angalia wenzetu walivyofanya, waya mnene, betri imefungwa haichezi, kuna hozi ya kutoa gesi nje, na BMW wengine wana teminali inayojikata yenyewe gari likigongwa. Sasa huku kwetu mtu anachukua kipande cha waya kilichobaki kwenye kazi ya muziki, anakipitisha chini ya kapeti, gari likiwaka anasema kazi imeisha. Kuwaka sio kipimo. Mimi nikikuta kazi ya hivyo namwambia mwenye gari asiondoke nalo.

Waya wa namba ngapi? Dukani wananiambia wa muziki unatosha.

Usikubali kabla hujaukwangua. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja mmoja, ukiona ndani mweupe basi hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na hata ukiushika mkononi utausikia mwepesi kuliko unene wake. Unapitisha umeme kidogo kuliko shaba halisi ya unene uleule, na stata (mota ya kuwashia injini) haina huruma, injini ndogo ya petroli inaweza kuvuta ampea 150 mpaka 200 wakati wa kupiga.

Piga hesabu na mimi. Waya wa shaba wa mita 5, mili 16 (yaani milimita za mraba, sio upana), kwenye ampea 200 unapoteza kama volti 1.1 njiani kabla stata haijapata kitu. Ukiweka mili 35 unapoteza nusu volti, mili 50 ni kama 0.35. Kwa hiyo mimi kwa gari dogo nafunga mili 50, mili 35 ndo mwisho wa kushuka. Dizeli usishuke chini ya 50 kabisa.

Ukimaliza usiulize masikio, chukua mita. Waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye bolti ya stata, mtu apige stata, isome chini ya volti 0.5. Ikizidi kuna mahali pamelegea au lagi (kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) haijabanwa vizuri. Na lagi inabanwa kwa mashine yake jamani, sio nyundo na msumari.

Fundi wangu anasema fyuzi haina haja kwasababu hata waya wa stata wa kiwandani hauna fyuzi. Ni kweli?

Hapa naomba unisikilize vizuri, hili ndo linaloniuma kuliko yote. Magari mengi waya wa stata wa kiwandani hauna fyuzi kweli, lakini una urefu gani? Haufiki hata mita, uko palepale kwenye injini, umefungwa usiguse kitu. Wewe unatoa chanya nyuma unaipitisha chini ya siti za watu mpaka mbele, mita nne tano, kila hatua kuna bati lenye ncha, na bodi lote la gari ni hasi. Ikigusa tu ni shoti, na betri ya kawaida kwenye shoti inamwaga mamia ya ampea bila kusita.

Kuna Mark II ililetwa kwangu ikivutwa. Waya ulikuwa umepita chini ya reli ya siti ya dereva, kila akisogeza siti reli inasaga plastiki kidogo, kidogo, miezi, mpaka siku shaba ikagusa chuma. Nilipofunua kapeti nikakuta limeungua duara la ukubwa wa sahani, sponji ya siti imeyeyuka na ile shaba imeshikana na reli utadhani imechomelewa. Mtoto wake alikuwa siti ya nyuma. Walipona kwasababu walikuwa kwenye foleni, moshi ukaonekana mapema, na dereva wa daladala pembeni alikuwa na spana namba 10 akakimbilia buti akang'oa teminali. Fyuzi ingekatika kabla hata hajasikia harufu.

Kwahiyo weka fyuzi ya boliti, ile kubwa, gari dogo la petroli ampea 200 mpaka 250, na iwe karibu na betri, isizidi kama sentimita 20 kutoka kwenye teminali. Watu wanaiweka mbele karibu na stata halafu wanasema wameweka fyuzi, hapana, ukiweka mbele waya wote ulioko nyuma yake hauna ulinzi. Kila tundu la bati liwe na raba, waya uvalishwe mpira mwingine juu, upite upande usio na bomba la mafuta na mbali na ekzosi.

Hasi niifunge kwenye bodi hukohuko nyuma au niivute mpaka mbele? (Mombasa)

Nyuma inatosha, ila unene uwe sawa na wa chanya, mfupi, na ukwangue rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae ndo ukaze, halafu paka grisi pasishike kutu, nyie watu wa pwani chumvi inakula haraka. Na usisahau waya wa athi kati ya injini na bodi huko mbele. Ukiwa mbovu umeme wa stata unatafuta njia nyingine, nimeona umepita kwenye kebo ya eksileta mpaka ikapata moto.

Nina betri ya maji ndani ya Noah nyuma ya siti kwa ajili ya muziki, hainuki sana. Kuna shida?

Ipo dada. Ikichajiwa inatoa haidrojeni, na hiyo haina harufu kabisa, kwahiyo pua yako haikusaidii. Ikifika asilimia 4 ya hewa cheche ndogo inatosha kulipuka. Iweke kwenye boksi linalofungwa lenye hozi ya kutoka nje chini ya gari, au nunua AGM, betri ya kufungwa isiyo na maji ya kumwagika, ambayo nayo iwe na hozi kama ina tundu lake. Na ifungwe kwa chuma, betri ya kilo 15 ikirushwa kwenye breki ya ghafla inakuja na tindikali yake.

Swichi ya kukata umeme inatosha badala ya fyuzi?

Hapana, kila kimoja kina kazi yake. Swichi mpaka mkono uifikie. Halafu jua kwamba ukikata betri tu huku injini inaunguruma, oltaneta (inayozalisha umeme na kuchaji betri) inaendelea kulisha gari, haizimiki, na volti zinaweza kuruka ukaunguza kompyuta. Magari ya rali swichi yao inakata saketi zote na injini inazima hapohapo.

Wakati wa kufungua nianze na ipi?

Hasi kwanza. Wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho, na pete na saa ya chuma vua mkononi kabla hujashika spana.