Maswali ya wasomaji: Valvu za tope zinakufa mapema

SWALI: Mgodini kwetu valvu za lango za maji safi zinadumu miaka. Za bomba la tope la madini, aina ileile, zinavuja baada ya miezi michache. Tumeuziwa feki?

JIBU: Sidhani, ndugu yangu. Kabla hujamlaumu muuzaji, fungua ile iliyokufa uitazame kwa tochi. Ukiona mifereji laini imechimbwa upande wa chini wa lango (lile bamba linaloshuka kuziba njia) na kwenye kiti chake (pale linapokaa likifungwa), basi kuna mtu anaiacha nusu wazi ili kupunguza mtiririko. Hapo ndipo inapouawa. Tope likibanwa kwenye upenyo mwembamba linakwenda kasi, na kasi ikiongezeka mara 2, ulaji wa chuma hupanda mara 4 au zaidi. Chembe zenyewe mara nyingi ni kwatsi, madini magumu ya kwenye mchanga, ugumu wake 7 kwenye kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 hadi 10). Chuma cha kawaida hakifiki hapo. Valvu ya lango ni ya kufungua yote au kufunga yote, tafadhali waambieni zamu zote.

Tope likiwa na asidi, mambo huwa mabaya zaidi: mchanga unakwangua utando unaokinga chuma, asidi inakula palipobaki wazi.

Pa kupunguza mtiririko wekeni valvu ya kubana yenye mpira ndani. Mpira hunepa chembe zikigonga, na ukichakaa unabadilishwa peke yake. Na msizidishe nguvu kwenye usukani valvu ikigoma kufunga. Mara nyingi ni mchanga umetuama kwenye kiti, usafisheni kwa maji kwanza.