Kabla hujaicheka nyumba ya mbao, tazama dari yako

Nilipoanza kujenga vyumba viwili vya mbao hapa Malindi, majirani walikuja mmoja mmoja kuniuliza kama pesa za mawe zimeisha. Shangazi yangu ndo alisema wazi, mwanangu mbao ni ya banda la kuku, nyumba ni mawe. Na huyu shangazi amezaliwa Lamu, amelala miaka yote chini ya boriti!

Watu husahau hilo. Zile nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia 2001, ghorofa zake zimebebwa na boriti za mikoko, na vyumba ni vyembamba, kama mita 3 hivi, manake boriti inafika hapo tu. Mti ndo uliopima nyumba.

Kosa langu lilikuwa chini. Fundi alizika nguzo za mvinje kwa udongo, tukapaka oili chafu, akasema hapo mchwa hagusi. Masika ya pili nikagusa nguzo ya jikoni kwa mguu ikabonyea, mchwa wameshakula ndani wakaacha ganda, ikabidi tuinue pembe nzima kwa jeki na kusema kweli nililia. Kwa hivyo usizike mti. Mwaga nguzo fupi za simiti zitoke juu kama futi moja na nusu, weka juu yake kipande cha bati kilichokunjwa kingo ziangalie chini, alafu ndo mbao ikae. Bati halimzuii mchwa kabisa ila linamlazimisha ajenge njia yake ya udongo nje, mahali utaiona, na kila wiki mbili inama uangalie. Misumari nunua ya gerivanaizi, hii ya kawaida chumvi ya bahari inaimaliza, mbao ikiwa bado nzima.

Moto? Wana haki kuuliza, sote tumeona makuti yakishika. Lakini makuti si boriti, mti mnene hufanya makaa nje na ndani ukabaki na nguvu muda mrefu. Huko Norway wamejenga jengo la mbao la ghorofa 18, Mjøstårnet, likaisha 2019. Mimi naogopa zaidi nyaya mbovu.

Ila mikoko tuiache ipumue jamani, Lamu ndo imebeba sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya nzima. Mvinje unapandwa mashambani, nunua huo.

Shangazi alikuja kulala Ramadhani, asubuhi akaniuliza mbona usiku hapa kuna baridi kuliko kwake. Nikamwambia mawe hushika jua la mchana yakalitoa usiku, mbao haishiki.